Ngazi ya Kutazama Tu

Juma lililopita mliniacha ndani ya stoo ya kompresa, nimelala kifudifudi, mikono nyuma, nimefungwa kwa vibana vya plastiki vya kufungia nyaya. Vibana hivyo niliviagiza mimi. Nilivipokea mimi, nikatia saini. Ukitaka kujua kiwanda chetu kinaendeshwaje, anzia hapo: kamba ya kukufunga unaipokea mwenyewe getini na kusema asante.

Kwa aliyeikosa sehemu ile nitasema upesi, maana damu ya pua ilikuwa haijakauka na subira sina. Mimi naitwa Waya, fundi wa mtandao wa kiwanda. Kiwanda ni cha magodoro. Wewe unayesoma hapa huenda umelilalia mojawapo.

Asubuhi ile wanawake wa banda la ushonaji walizima cherehani, wakakaa chini. Hawakudai nyongeza. Hawakudai likizo. Walidai milango ya banda iachwe wazi wakati wa kazi, basi. Walinzi wakaingia na virungu, wakawatwanga walio karibu, wakatoka. Halafu Meneja akaifunga milango yote minne, akaenda zake ofisini kunywa maji baridi.

Milango yetu haina funguo. Inashikwa na sumaku, na sumaku zinapata umeme kutoka kwenye swichi ya mtandao, kile kisanduku ambamo nyaya zote za kiwanda zinakutana: za kamera, za simu, za milango. Mwenye akaunti ya swichi anaweza kuwafungia watu mia ndani ya banda huku amekaa chooni.

Zamani yalikuwepo makufuli. Mimi makufuli siyasahau. Banda la kukatia liliposhika moto, wanne walikutwa wamelaliana nyuma ya kufuli moja, na wa juu yao alikuwa Mama Uzi, aliyenipokea nilipokuja hapa sina hata viatu. Wakubwa walilia mazishini. Wakasema hayatarudia. Wakang'oa makufuli, wakaleta sumaku.

Utaniuliza mbona hatukukata nyaya. Nyaya zimepita ndani ya mabomba ya chuma, juu yake zege. Utaniuliza mbona hatukukivunja kisanduku chenyewe. Kiko ndani ya chumba cha chuma, nyuma ya meza ya Meneja, na umeme wa kiwanda ukizimwa kina betri yake. Walifikiria kila kitu, isipokuwa moto.

Na akaunti je? Desturi yetu ilikuwa moja tangu sumaku ziletwe: wote tulitumia akaunti moja, jina lake "mkubwa". Meneja mkubwa, walinzi mkubwa, mimi mkubwa. Neno la siri lilibandikwa kwa gundi kwenye dawati la walinzi. Mlango ukifungwa kimakosa, aliyefunga ni mkubwa, na mkubwa hana sura.

Asubuhi ya mgomo Meneja akanisimamia kichwani.

"Huu uhuni wa wote kuingia kwa jina moja uishe leo. Kila mtu jina lake. Kila jina ngazi yake."

"Ngazi ngapi, bosi?"

"Tatu. Ya kila kitu, yangu. Ya kufungua na kufunga milango, ya mkuu wa walinzi. Ya kutazama kamera tu..." Akaniangalia kama anayechagua nyanya. "Hiyo utaichukua wewe."

"Nijishushe mwenyewe?"

"Kwani kazi yako ni nini?"

Nikaziunda akaunti zote tatu. Nikamwandikia Meneja maelekezo kwenye karatasi, hatua kwa hatua, kwa sababu yeye bila karatasi hata kikokotoo kinamshinda. Mwisho nikamfuta mkubwa mbele ya macho yake. Akanipiga begani, akasema, "Kijana mtiifu." Kisha akamwita mkuu wa walinzi, akamwambia, "Huyu ndiye anayewachochea. Mtoe."

Mkuu wa walinzi ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu wa tumbo moja. Meno mawili yaliyobaki kwenye korido ya ofisi mwisho wa sehemu iliyopita aliyang'oa yeye, kwa mkono uleule aliopokea nao chenji ya mahari aliyotulipa.

Sasa tuendelee.

Walinipekua mifuko yote wakasahau soksi. Nilijisugua kwenye sakafu mpaka kiatu kikatoka na simu ikateleza kwenye saruji. Nikajiburuta, nikaiwasha kwa ncha ya pua.

Ngazi ya kutazama tu. Haya, nikatazama.

Kamera ya banda la ushonaji haina sauti. Wanawake walikuwa wamekaa kwa mistari kati ya cherehani, mmoja amemlaza mwenzake aliyepasuliwa kichwa. Dada yangu nilimtambua kwa kilemba cha njano. Alikuwa amekaa mbele ya meza yake, anawapigia makofi, wanaimba.

Nyuma yao, mwisho wa banda, ipo meza ya waya wa moto, ule unaokata sponji kwa joto. Aliyekuwa akiutumia ndiye yule aliyepasuliwa kichwa. Walinzi walimvuta kwa nywele kutoka mezani, na hakuna aliyezima umeme wa meza. Bonge la sponji lilikuwa limeuegemea waya.

Moshi wa sponji hauanzi mweusi. Unaanza kama mvuke wa chai. Niliuona kabla yao.

"Moto!" nikapiga kelele. "Moto bandani! Fungueni!"

Mlango wa stoo ukafunguliwa kwa teke. Aliingia mlinzi tunayemwita Goti, jina alilolipata kwa kuwakandamiza watu shingoni, na nyuma yake shemeji.

"Anaimba nini huyu?" Goti akauliza.

"Kuna moto! Tazama simu!"

"Simu?" Goti akaangalia chini. "Shemeji yako ana simu, mkuu. Nani alimpekua?"

"Wewe," shemeji akasema.

Goti alikasirika kwa kuumbuliwa, na hasira yake ikaniangukia mimi. Alinigeuza kwa mguu, akavitafuta vidole vyangu mgongoni.

"Vya kuandikia kwenye kompyuta ni vipi?"

"Goti, watu wanaungua..."

"Nimekuuliza vipi?"

"Vyote!"

"Ahsante."

Akapanda juu yavyo na buti. Nilisikia vidole vikilia kama njugu zinazomenywa. Sijui nilipiga kelele gani. Nikumbukacho ni shemeji kuinama, kuiokota simu yangu, kuitupa chini bila kuiangalia na kuisaga kwa kisigino mpaka kioo kikawa unga.

"Umeusaga uso wa mkeo," nikamwambia.

"Nyamaza."

"Dada yumo bandani. Kilemba cha njano."

Akacheka. "Mke wangu yuko nyumbani. Nimemfungia mwenyewe kwa nje, na komeo nimelitia waya."

"Ukasahau dirisha la bafuni."

"Lina nondo."

"Lilikuwa na nondo."

Kicheko kikamkauka. Anajua msumeno wa chuma ninao. Anajua pia kwamba jana nilipita kwake wakati yuko zamu. Asichojua, na mimi sikuwa na nia ya kumwambia, ni kwamba dada alinituma nondo zile nizikate kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa mgomo. Ya pili ilikuwa begi la nguo, lililokuwa chini ya meza yake ya cherehani, na basi la jioni.

Shemeji akatoa simu yake ya kazi. Akafungua kamera. Niliona mwanga wa kioo ukimpiga usoni, na uso ukianguka kidogo kidogo, kwanza nyusi, halafu mdomo.

"Mama weee," akasema. "Ni yeye."

"Na moshi unauona?"

"Nauona."

"Basi fungua! Una ngazi ya milango. Bonyeza!"

Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama vile simu inaogopa nguvu.

"Inasema huna ruhusa."

Akabonyeza mara ya tatu.

"Waya. Inasema huna ruhusa. Meneja alisema nina ngazi ya milango."

Niseme ukweli, maana nimeahidi gazeti hili nitasema. Meneja alipogeuka kupokea simu asubuhi ile, nilimwona shemeji dirishani akifuta kirungu chake kwa kitambaa. Nikamkumbuka dada na jicho lake la kushoto, lililovimba kwa ngumi ya huyuhuyu. Nikasema moyoni, mtu huyu simpi mlango wa kumfungia binadamu. Nikamwandika kwa ngazi ya kutazama tu, kama yangu. Nilijiona nimemkomesha.

Sikufikiri zaidi ya hapo. Ngazi inayofunga ndiyo ileile inayofungua. Kwenye swichi hakuna ngazi mbili za hilo. Nilimnyima fimbo, na kwenye fimbo ileile ndiko ulikokuwa mkono wa kumtoa dada yangu.

"Nilikushusha," nikamwambia. "Mimi. Kwa chuki."

Alinipiga. Simlaumu kwa hilo pigo. Kirungu kilitua hapa, juu ya sikio, mpaka leo upande huu nasikia nyenje.

"Mpigie Meneja," nikasema nikitema damu. "Yeye peke yake ndiye anayeweza. Utaniua baadaye."

Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Bosi, banda la ushonaji linashika moto. Fungua milango."

"Hizo ni mbinu," Meneja akajibu, tulivu kama mtu anayeagiza chai. "Wanachoma matambara ili tufungue. Nawaona kwenye kamera. Moshi wenyewe wa sigara."

"Bosi, mke wangu yumo."

"Mkeo?"

"Ndiyo, bosi."

"Yaani mke wa mkuu wangu wa walinzi anagoma? Nyumba imekushinda, utaweza geti? Goti yuko hapo?"

"Nipo, bosi," Goti akasema.

"Mkuu ni wewe kuanzia sasa. Mnyang'anye simu na umfungie na shemeji yake."

Simu ikakatika.

Walikaa wanaangaliana. Watu hawa wamekula sahani moja miaka, wamevunja mbavu za watu pamoja, mmoja akishika, mwingine akipiga. Goti akanyoosha mkono.

"Lete simu, kaka. Usinifanye nikuumize."

"Mke wangu anaungua, Goti."

"Utaoa mwingine. Lete."

Shemeji alimpiga kichwa cha pua.

Nimeona watu wakipigana kwa hasira na nimeona wakipigana kwa pesa. Hawa walipigana kama watu wanaojuana mahali kila mmoja anapouma. Goti alimwingiza kidole jichoni. Shemeji alimng'ata mkono mpaka akatema kipande cha shati na kitu kingine. Walianguka juu ya kompresa, bomba la hewa likachomoka, likaanza kuruka huku na huko stoo nzima likipiga mluzi. Goti akapata juu. Goti akaweka goti.

Shemeji akaanza kubadilika rangi.

Mimi mikono nyuma, vidole vimekuwa uji. Lakini miguu hawakuifunga. Nilijiviringisha mpaka nikafika usawa wa kichwa cha Goti, nikarudi nyuma kama mtu anayepiga penalti amelala, nikampiga kisigino cha sikio. Nikarudia. Mara ya tatu aligeuka kuniangalia, na hapo shemeji akapata spana kubwa ya kompresa.

Sitasimulia spana. Goti hakufa. Siku hizi anauza matunda mahali fulani na akiniona anavuka barabara.

Shemeji alisimama anapumua kama ng'ombe, damu inamchuruzika jichoni. Akatoa kisu. Nikafumba macho. Akakata vibana.

"Nipe njia," akasema. "Wewe ni mtu wa njia za panya. Haiwezekani hukubakiza moja."

Nilibakiza. Hiyo Meneja hakuiona, na ninyi pia sikuwaambia juma lile, maana sikuwa na hakika kama ingali hai.

Swichi ile ina tabia moja. Ukimfuta mtu wakati yeye yuko nje, hataingia tena. Ukimfuta wakati yuko ndani, anabaki ndani, na ngazi aliyoingia nayo, mpaka atoke mwenyewe au afukuzwe. Unakuwa umefuta jina, mwili bado umekaa kitini. Na mimi alfajiri, kabla Meneja hajaniita, niliingia kama mkubwa kwenye laptopu mbovu iliyoko chumba cha jenereta, nikaiacha wazi, maana mgomo niliujua na Meneja nilimjua.

Tabia ya pili ni mbaya. Ukikaa bila kugusa kitufe kwa muda, swichi inadhani umelala, inakutoa. Basi nilichukua nati ya jenereta, nene, nikaiegemeza juu ya kitufe cha nafasi, kile kirefu cha kutenganisha maneno. Kitufe kikawa kinabonyea siku nzima. Swichi ikaamini kuna mtu macho anaandika nafasi tupu bila kuchoka.

Kama nati ingalipo.

Tukakimbia. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua. Moshi sasa ulikuwa unatoka kwenye matundu ya juu ya banda, na haukuwa tena mvuke wa chai. Ngumi zilikuwa zinapiga mlango kwa ndani. Hazikuwa zinagonga, zilikuwa zinatwanga, mia kwa pamoja, mpaka bati la ukuta likawa linatikisika. Walinzi wawili wa getini walisimama wameshika virungu, hawajui wakimbilie wapi.

"Mkuu!" mmoja akaita. "Redio inasema tukukamate!"

"Nikamate!" shemeji akamjibu, spana mkononi, bila kupunguza mwendo.

Hawakumkamata.

Chumba cha jenereta kina mwenyewe, mzee tunayemwita Dizeli, ambaye hajawahi kuharakishwa na jambo lolote duniani. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, anakunywa chai. Laptopu ilikuwa juu ya pipa.

"Mzee, nati!" nikapiga kelele. "Kuna nati juu ya kompyuta!"

"Hii?" Akanyoosha kidole chenye grisi, karibu kuigusa. "Nimeiangalia tangu asubuhi. Nikasema hii nati imekaa vibaya, niitoe. Halafu nikaona uvivu."

Ningembusu. Uvivu wa mzee yule uliokoa kilichookolewa siku ile.

Nikaitoa nati, nikakaa. Kioo kilikuwa kimejaa nafasi tupu, na chini kabisa jina linapepesa: mkubwa.

Vidole havikukunjika. Niliandika kwa fundo za ngumi na kwa kalamu niliyoing'ata kwa meno yaliyobaki. Kwa kila herufi nilimwaga damu kwenye vitufe. Mstari mmoja: kata umeme wa mlango wa mbele wa banda la ushonaji. Nikabonyeza.

"Umefunguka!" shemeji alipiga kelele toka dirishani. "Wanatoka! Wanatoka!"

Nikasikia mlipuko wa sauti za watu uwanjani. Nikaanza kulia.

Halafu kishindo cha chuma. Halafu ukelele mmoja, mrefu, wa mtu aliyebanwa.

"Umefungwa," shemeji akasema. "Waya, umefungwa tena. Wametoka kama kumi. Mtu amenasa mkono mlangoni."

"Dada?"

"Sijamwona."

Simu yake ikaita. Meneja.

"Nani huyo mkubwa?" Sauti haikuwa tena ya kuagiza chai. "Namwona kwenye kioo hapa. Anaitwa mkubwa, na mkubwa alishafutwa!"

"Bosi, fungua, kuna watu wanakufa!" shemeji akalia.

"Wakitoka ndio watachoma kiwanda kizima! Ngoja nimtoe huyo mshenzi. Karatasi iko wapi... Hii hapa. Hatua ya kwanza. Fungua orodha ya walioingia."

Alikuwa anasoma maelekezo yangu. Niliyaandika kwa herufi kubwa, yaeleweke.

"Hatua ya pili. Chagua jina la unayetaka kumtoa..."

Hatua zilikuwa nne. Mimi kwa kasi ya kalamu mdomoni nilikuwa na mstari mmoja tu.

Nikifungua mlango, ataufunga tena, nami nitakuwa nimeshatupwa nje. Nikimfuta jina, atabaki ndani kama nilivyobaki mimi. Nikimfukuza, ataingia tena kwa jina lake kabla sijaandika mstari wa pili. Alihitajika mtu mwingine mwenye ngazi ya kila kitu, mwenye simu mkononi yenye vitufe vya kubonyeza kwa kidole kimoja: hiki kumtoa Meneja na kumfungia jina palepale, hiki kuachia milango.

Simu yangu ilikuwa unga sakafuni mwa stoo ya kompresa.

Nilimwangalia shemeji. Jicho moja limefumba, spana bado mkononi, vipande vya simu yangu bado vimenasa kwenye soli ya buti lake. Mtu aliyemfungia mke wake ndani kama mbuzi. Asubuhi nilikuwa nimemnyima mlango mmoja. Sasa nilikuwa nataka kumpa yote.

"Hatua ya tatu," Meneja akasoma. "Hakikisha umechagua jina sahihi, kisha..."

Nikang'ata kalamu. Nikaandika jina la shemeji. Nikaandika ngazi ya kila kitu. Nikagonga kitufe kwa paji la uso.

Kioo kikapokea. Na mara hiyohiyo mistari yote ikafutika, yakabaki maneno mawili: Umetolewa nje.

"Nimemtoa!" Meneja akashangilia simuni. Shemeji akamkata.

"Toka, uingie upya kwa jina lako," nikasema. "Vitufe vimebadilika?"

"Vimekuwa vya kijani."

"Cha juu, mtoe Meneja. Bonyeza."

Akabonyeza. "Ametoka."

"Cha chini, milango. Fungua yote minne. Haraka, shemeji, fungua!"

Kidole gumba chake kilikwenda juu ya kitufe. Nilikiona. Kucha yake ilikuwa imepasuka. Kwenye kioo kilekile, juu ya vitufe, kilikuwepo kidirisha cha kamera. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka vifuani mwa watu. Mbele kabisa, karibu na mlango, kilemba cha njano kilikuwa hai. Dada yangu alikuwa amesimama, anakohoa, amekumbatia kitu kifuani kwa mikono miwili.

Kidole hakikushuka.

"Shemeji?"

"Lile begi la bluu," akasema polepole. "Ni langu. La safari."

"Bonyeza kwanza!"

"Lilikuwa juu ya kabati. Limejaa." Aliileta simu karibu na jicho lake zima. "Mtu anakwenda kwenye mgomo na begi la nguo?"

"Shemeji, nakuomba. Nakupigia magoti."

Mzee Dizeli alikuwa ameweka kikombe chini. Sijawahi kumwona akiweka kikombe chini.

"Ulimkatia nondo jana," shemeji akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Wewe unajua. Nijibu kwanza, ndipo nifungue. Alikuwa anakwenda wapi?"

Ng'ambo ya uwanja, ngumi zilizokuwa zikitwanga mlango zilianza kupungua.